Vinchuka wa Chumba cha Nyuma

Chillkani, 9 Septemba 2004

Mdogo wangu Delfina,

Lori la Don Saturnino linaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo nisamehe nikienda moja kwa moja. Vinchuka wamerudi kutunyonya damu usiku. Miezi minne tu tangu nyumba zinyunyiziwe dawa, na tayari wameonekana kwangu, kwa Nicanora na kwa mzee Tiburcio, nyumba zetu tatu za huku juu. Ukuta ulio juu ya kitanda cha mjukuu wangu Yobana umejaa vidoa vya mavi yao, kama mtu aliyekung'uta kalamu ya wino.

Jumapili kulikuwa na mkutano. Tiburcio alisimama na vinchuka mmoja ndani ya glasi, akasema, "Hii ndiyo dawa tuliyonyunyiziwa. Huyu ameinywa akanenepa." Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakamgeukia Rómulo.

Unamkumbuka Rómulo, mwanangu wa ubatizo, yule niliyembeba kanisani akanilowesha blauzi mpya. Siku hizi ni mtu mzima wa miaka thelathini, na kijiji ndicho kilichomchagua afundishwe kunyunyiza. Sasa wanasema alitia maji kwenye dawa na nyingine akawapa watu wa bondeni wampe viazi. Wamemnyang'anya bomba la mgongoni. Wanamwita Bwana Maji. Mwezi wa kumi na moja wanataka kumshtaki wilayani.

Wewe kazi yako ni hao wadudu, unawalisha na kuwapima kila siku. Nakutumia kumi na mmoja kwenye viberiti vitatu, kila kiberiti nimekiandika jina la nyumba. Tuandikie karatasi yenye muhuri kwamba wametoka mlimani, kwenye mawe. Kila mtu anajua mlimani wapo. Andika hivyo tu, mambo yaishe, mtoto wa watu apumzike.

Usisahau Watakatifu Wote. Mwaka huu ni meza ya tatu ya Evaristo wangu tangu afe, na ya mwisho. Nataka roho ya mume wangu ikija kula iikute imejaa. Yobana anakusalimu. Amepoteza jino.

Dada yako,
Casilda

*

Cochabamba, 19 Septemba 2004

Dada Casilda,

Viberiti vimefika, ingawa kimoja kilikaliwa na mtu njiani. Nimepata mabawa mazima kumi na tisa na hayo yananitosha kuanza.

Karatasi yenye muhuri siwezi kuiandika kabla ya kupima. Daktari Villarpando wa maabara yetu ananiamini kwa sababu moja tu, kwamba sijawahi kumpa namba ambayo sikuiona mwenyewe. Lakini sikiliza, jambo lako lina dawa. Vinchuka wa mlimani na wa nyumbani ni mdudu yuleyule, ila makao yamewabadilisha miili. Wa mlimani ni mkubwa, mweusi zaidi, na vipapasio vyake vimejaa vinyweleo. Vinyweleo ndivyo pua yake. Analala kwenye mwamba na hajui kesho panya atapita wapi, kwa hiyo lazima anuse mbali na aweze kuruka mbali. Wa nyumbani amezaliwa ufa mmoja na chakula chake. Usiku anashuka hatua tatu, anakunywa, anarudi. Kizazi baada ya kizazi anakuwa mdogo, vinyweleo vinapungua, bawa linabadilika umbo. Kwa macho huoni. Kwa hadubini, ukipima mamia, unaona.

Basi nahitaji wa mlimani kwenu hapo, niwalinganishe. Mwambie Rómulo anikamatie. Asitumie mkono mtupu.

Na wewe, vuta kitanda cha Yobana mbali na ukuta. Mtazame macho kila asubuhi. Ukiona jicho moja limevimba, ujue ugonjwa wao umeingia, usisubiri.

Nakupenda,
Delfina

*

Chillkani, 3 Oktoba 2004

Bi. Delfina, shikamoo.

Mama yangu wa ubatizo amenieleza unachohitaji. Kwenye chupa hii wamo kumi na wanne. Nimewatoa kwenye mawe ya juu ya machimbo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumba ya mwisho, ili asije mtu akasema niliwaokota uani. Nilitega kuku ndani ya kizimba, nikakaa karibu. Ni weusi kweli. Mmoja aliruka mpaka nikamfuata kwa kofia.

Naomba nieleze upande wangu, maana mkutanoni sikupewa nafasi. Sikutia maji zaidi ya kipimo. Nyumba thelathini na nne nilizipita zote, kila chumba nilichoonyeshwa, na mazizi, na vichanja vya kuku. Karatasi za milangoni nilizijaza mwenyewe. Mahali pekee ambapo sikuingia ni chumba cha nyuma cha mama yangu wa ubatizo. Alisema kimejaa makapi ya shayiri na hakikai kiumbe, akanipa chicha, pombe yake ya mahindi, na viazi nikala kwenye jua. Kanuni inasema nifungue kila mlango. Sikuona haja. Mtu huwezi kumhoji mama aliyekushika maji yakimwagwa kichwani.

Kama vipimo vitasema kosa ni langu, niandikie hivyo hivyo. Nimechoka kupita dukani watu wakiulizana kama kuna mvua.

Wako mtiifu,
Rómulo Cusipuma

*

Cochabamba, 17 Oktoba 2004

Dada,

Nimemaliza. Nimepima mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunika majina.

Kumi na mmoja wako si wa mlimani. Hakuna hata mmoja anayekaribia. Wale wa Rómulo ni wakubwa, vipapasio vyao vina vinyweleo hata nikachoka kuvihesabu. Wako ni wadogo, hafifu, na mabawa yao ni ya mdudu aliyezaliwa ndani ya nyumba na bibi yake vilevile. Hawakutoka nje kuja kwenu. Hawakuwahi kuondoka.

Unaweza kusema basi Rómulo ndiye mkosa, dawa ilikuwa maji. Nami niliwaza hivyo siku moja nzima. Lakini kama dawa ingekuwa maji, wangeonekana nyumba zote thelathini na nne. Wameonekana tatu zinazopakana. Saba kati ya kumi na mmoja wametoka kwenye kiberiti chenye jina lako. Halafu Daktari akapima damu iliyokaukia matumboni mwao. Kuna ya mtu, kidogo. Nyingi ni ya simbilisi.

Dada Casilda, nakuuliza wewe kabla sijamwandikia mtu mwingine yeyote. Siku ile ya kunyunyiza, simbilisi wako walikuwa wapi?

Delfina

*

Chillkani, 28 Oktoba 2004

Delfina,

Nimesoma barua yako. Naona mji umekufundisha kuhoji watu.

Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua. Nikauza mikeka ukasoma. Leo unanitumia barua kama karani wa polisi, simbilisi wako walikuwa wapi. Walikuwa wanapokaa simbilisi. Unajua wewe mara ya kwanza waliponyunyiza, mwaka ule Evaristo angali hai, walinifia wangapi? Kumi na wanane, na paka. Walikula majani yaliyoingia dawa, asubuhi wamelala chali wote. Hakuna aliyekuja na hadubini kuwapima hao. Na meza ya mume wangu ya mwaka wa tatu niiwekee nini, mkate mtupu bila nyama ya simbilisi? Majirani waseme Casilda amemsahau mtu wake?

Mdudu ni mdudu. Hizo namba zako za vinyweleo waambie wenzako wa maabara.

Mvua ya kwanza imenyesha. Mahindi ya Nicanora yameota kabla ya yangu, amejaa majivuno. Don Saturnino amebadilisha magurudumu.

Yobana jicho lake la kushoto limevimba tangu jana. Haliumi, anacheza kama kawaida, ila halifunguki. Nimemwekea maji ya kamomili. Nadhani ni nyuki.

Casilda

*

Cochabamba, 31 Oktoba 2004

Dada,

Si nyuki. Namwomba Don Saturnino akukabidhi karatasi hii mkononi na akusubiri. Panda lori lake hilohilo na mtoto. Usisubiri sikukuu iishe.

Usiogope kuliko inavyopasa. Jicho ndilo linalotuambia mapema, na kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza ameumwa, dawa inafanya kazi vizuri kuliko kwa mtu yeyote. Shida ni kwa wale ambao jicho lao halikuvimba na hakuna aliyejua. Wewe umeona. Sasa mlete.

Najua kesho saa sita roho ya Evaristo inafika na meza haijaandaliwa. Mimi nilimjua shemeji yangu. Angekupandisha lori yeye mwenyewe.

Sina hasira na wewe. Kitanda kimetandikwa.

Delfina

*

Chillkani, 21 Novemba 2004

Mdogo wangu,

Nilifika salama. Nyumba bila Yobana ina ukimya unaokera. Najua lazima abaki kwako amalize dawa za miezi miwili, nawe ulisema vipele vya mkononi vinaletwa na dawa, siyo ugonjwa. Nimekuamini. Mpake mafuta. Akikataa vidonge mwambie bibi anakuja.

Nimekuwa nikifikiri maneno ya Daktari kwamba hata mimi ninao ugonjwa huu unaokula moyo, tangu utotoni pengine, nawe unao, na kwamba moyo wangu kwenye ile picha ya mistari unapiga vizuri. Nilirudi nikiwa nimebeba hilo, na nilikuwa na jingine zito zaidi.

Nilipofungua mlango, nilikuta meza ya Evaristo. Imekwisha kutenguliwa kama desturi, lakini kitambaa cheusi kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti, na mkate wa umbo la ngazi, ule wa roho kushukia, wameniwekea kipande. Nikamwuliza Nicanora nani ameandaa. Akasema, "Nani mwingine? Bwana Maji wako. Alikuja siku ile uliyoondoka, saa nne asubuhi, na unga wake, na mama yake akamkandia. Akakaa mezani siku mbili akiwapokea wanaosali. Watu walikuja, Casilda. Walikuja kwa ajili ya Evaristo, wakamkuta yeye, wakala kutoka mkononi mwake. Kidogo waliona haya."

Nilikaa kitandani na koti langu la safari. Delfina, yule kijana hakuwa ameniambia neno. Hata siku nilipompa chupa aende mlimani, alikuwa anajua mlango gani hakufungua, na alikwenda.

Mkutano ulikuwa juzi Ijumaa. Ajenda ilikuwa yeye, wamwandikie wilayani au wasimwandikie. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema. Nikasimama. 

Nikasema, "Dawa haikuwa maji. Chumba changu cha nyuma hakikunyunyiziwa. Nilimwambia Rómulo kuna makapi. Ndani walikuwamo simbilisi wangu ishirini na sita."

Mwenyekiti akasema, "Rudia."

"Ishirini na sita. Niliwafungia nikarundika makapi mlangoni, akaona makapi kweli. Dada yangu amewapima wadudu kule mjini. Wamezaliwa nyumbani kwangu, wamenenepa kwa simbilisi wangu, kisha wakatembea kwa Nicanora na kwa Tiburcio. Yobana wangu yuko mjini anakunywa dawa kwa sababu yangu. Mkimwandikia mtu, niandikieni mimi."

 Nilimwona Tiburcio ameshika kofia yake. Nilidhani ndiyo basi, sasa mimi ndiye nitakayepewa jina dukani. Kisha mke wa Tiburcio, yule Eusebia asiyesema hata salamu, akajikohoza. Akasema, "Wangu walikuwa ndani ya tanuri."

Tiburcio akageuka. "Wako nani?"

"Simbilisi. Tisa. Niliwatia kwenye tanuri la mkate, nikafunika. Wewe ulikuwa umetoka."

"Kwenye tanuri langu?"

"Tanuri letu."

Mdogo wangu, nilitazama chini nisicheke. Nyuma sauti ikasema wangu walikuwa kwenye pipa. Mwingine akasema yeye si simbilisi, ni kuku anayeatamia, angewezaje kumwamsha. Ikafika nyumba saba. Mwenyekiti alikuwa anaandika majina, akaacha kuandika, akaulizwa mbona kalamu imesimama, akasema, "Sasa naandika la mke wangu." Hapo ndipo watu walicheka mpaka mtoto wa Nicanora akaanza kulia kwa kelele.

Rómulo hakucheka. Alikuwa amekaa ukutani, mikono usoni, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwendea, watu wakatupisha. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuachia mzigo wangu miezi miwili." Akafuta uso kwa mkono wa shati. Akasema, "Mama, si ungeniambia tu. Simbilisi wanatolewa nje siku moja, wanapewa majani ya mbali, wanarudi. Ndiyo tulivyofundishwa. Hakuna anayeniuliza."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Hakuna aliyemwuliza.

Wamemrudishia bomba palepale. Tiburcio mwenyewe ndiye aliyelifunga mikanda mgongoni mwake, akasema limekaa vibaya, akafungua akafunga upya. Kuomba msamaha kwa mdomo hawezi, ndivyo alivyo.

Jana tumefungua chumba cha nyuma. Sitakuandikia tuliyoyaona chini ya matofali.  Tumetoa makapi yote tukayachoma, simbilisi wako kwenye zizi la Nicanora, na wanaume sita wanapiga lipu nyufa zote kwa udongo na majani makavu. Rómulo atanyunyiza Jumanne, nyumba thelathini na nne kwa mpigo mmoja, kila mlango. Ananiuliza kama nina chumba kingine. Nimemwambia atazame hata mfukoni mwangu.

Mpe Yobana busu kwenye lile jicho.

Casilda

*

Cochabamba, 10 Julai 2005

Dada Casilda,

Naandika haraka, Don Saturnino amesimama nje anapiga honi.

Wakati ule ulipomchukua Yobana mwezi Januari nilikuambia hatukuona vijidudu kwenye damu, lakini Daktari asingesema amepona mpaka tupime tena, kwamba damu yenyewe huwa inakumbuka ugonjwa kwa muda mrefu. Ile damu uliyomleta atolewe mwezi uliopita imepimwa kwa njia mbili. Nilisimama karibu na mashine. Nilikuwa na kazi nyingine, sikuifanya.

Zote mbili zimetoka safi. Damu yake haikumbuki kitu.

Daktari anataka kumwona tena mwakani, ni utaratibu tu. Alitia muhuri mbele yangu. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Usiikunje, nimeshaikunja mimi.

Delfina

*

Chillkani, 14 Julai 2005

Delfina,

Karatasi ilifika Jumatatu mchana. Nilikuwa shambani nachimba viazi na Eusebia, na Don Saturnino akashuka kwenye lori mwenyewe, jambo ambalo hajalifanya tangu aumie mguu, akaja mpaka kwenye tuta. Nikamwambia soma wewe, mikono yangu ina udongo. Akasema hana miwani. Eusebia akasoma. Unajua anasoma polepole, neno kwa neno kama anayevuka mto kwa mawe. Alipofika mwisho akasema, "Inasema hana."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Nilikaa kwenye tuta. Don Saturnino naye akakaa, na mguu wake. Akatoa majani ya koka ya kutafuna akatugawia.

Yobana alikuwa shule. Nikaenda kumngojea getini, na viatu vyangu vya shambani. Mwalimu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nimekuja kumchukua tu. Mtoto akatoka na wenzake, akaniona, akaona haya kwa viatu vyangu, akajifanya hanijui mpaka wenzake walipokata kona. Kisha akanishika mkono.

"Bibi, mbona umekuja?"

"Damu yako imetoka safi."

Akafikiri. "Basi sitakunywa vile vidonge tena?"

"Hutakunywa."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Akaniachia mkono, akakimbia mbele kuwafuata wenzake, na begi linampiga mgongoni. Nami nikaja nyuma polepole, sikuwa na haraka na chochote.

Casilda